Hata mate nimemkataza

Pale thieta, chupa ya mashine ya kunyonya majimaji mdomoni mwa mgonjwa ilikuwa na kama vijiko viwili vya maji ya kijani. Niliyatazama, nikamtazama mtoto, nikajua mama yake amenidanganya kwamba hajala.

Mtoto alikuwa na miaka 4, kilo 15, kaja kutolewa ngiri. Alikuwa wa tano kwenye orodha, na zamu yake ilifika karibu saa nane mchana. Mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu nimalize kozi ya kulaza wagonjwa usingizi wa dawa, ile ya mwaka mmoja wanayosoma wauguzi, na bado nilikuwa na ule ujasiri wa mtu aliyehitimu juzi. Alipandishwa mezani analia, miguu inapiga kila upande. Nikamwekea barakoa ya halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta. Kabla hajazama vizuri tumbo likajikunja, kitu kikatoka mdomoni. Nikamgeuza ubavu wa kushoto, tukainamisha meza upande wa kichwa, nikanyonya. Namba ya oksijeni ikashuka hadi 88, ikakaa hapo. Sijui ni sekunde ngapi. Kisha ikaanza kupanda. Mzee aliyekuwa akinisimamia alishafika kichwani mwa mtoto, akaweka mpira wa kupumulia, akasikiliza kifua huku na huku. Hakikuwa na miluzi. Ngiri ikashonwa, mtoto akaamka anadai maji.

Nami nikatoka hadi kwenye benchi la kusubiria, barakoa ikining'inia shingoni, nikamwambia mama yake mbele za watu: "Mama, umemlisha nini huyu mtoto? Ulitaka afie mikononi mwetu?"

Hakupandisha sauti. "Sista, mwanangu hajala tangu jana magharibi. Maji hajanywa. Hata mate nimemkataza kumeza."

Wametoka Mbagala alfajiri, akasema. Pale kituo cha Rangi Tatu mtoto alipoona wauza maji alilia mpaka kondakta akauliza kulikoni. Wakapanda daladala, wakafika, wakasubiri. Tangu magharibi hadi saa nane mchana ni karibu saa 20. Nilisimama pale nikiwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda.

Wengi mtaani usingizi huu wa dawa bado tunauita nusu kaputi, kama kusema nusu kufa, na ukilisikiliza neno lenyewe utaelewa kwa nini mzazi akiambiwa jambo anaongeza lake juu. Ukimwambia asimpe chakula, yeye anakata na maji. Ukimwambia kuanzia saa sita usiku, yeye anaanza magharibi, kwa usalama. Sikuliona hilo siku ile. Niliona maji ya kijani tu.

Mzee alinikuta chumba cha chai. Alikuwa afisa wa usingizi wa siku nyingi, mtu wa kuongea polepole, na hakuwahi kukujibu swali bila kukuuliza lake.

"Mwezi wa Ramadhani huwa unafunga?"

"Nafunga, Mzee."

"Kiungulia kinakubana saa ngapi?"

"Alasiri."

"Alasiri umekula nini?"

Nikanyamaza.

"Tumbo si ndoo, mwanangu, kwamba ukishamwaga limekauka. Lile ni kisima." Halafu akaniuliza swali lililoniuma kuliko yote: kabla ya kwenda kumgombeza yule mama, nililibonyeza tumbo la mtoto? Kijani ni nyongo, imepanda kutoka kwenye utumbo. Kwa mtoto mwenye ngiri, jambo la kwanza la kuogopa ni utumbo uliobanwa, ukaziba njia. Yeye alishalibonyeza, lilikuwa laini. Mimi sikuwa hata nimefikiria. Nilikimbilia benchini.

Kwa nini tunaogopa haya maji kiasi hiki? Kwa sababu mtu aliyelala usingizi wa dawa hana kikohozi cha kumlinda. Wewe ukipaliwa na chai unakohoa mpaka machozi yanatoka, na ndiyo salama yako. Aliyelala hakohoi, kinachopanda kutoka tumboni kinateremka mapafuni kimya kimya. Daktari mmoja wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, aliandika mwaka 1946 juu ya kina mama 66 waliopaliwa hivyo katika uzazi zaidi ya 44,000. Wawili walikufa kwa kuzibwa na chakula kigumu. Wale waliovuta majimaji walipatwa na kitu kama pumu kali, na alipojaribu kwa sungura akaona mkosaji ni asidi. Majimaji ya tumbo yaliyoondolewa ukali hayakuunguza mapafu ya sungura namna ile. Hapo ndipo zilipozaliwa hofu mbili tunazotembea nazo mpaka leo: tumbo lijae kidogo, na kilichomo kisiwe kikali.

Baadaye zikaja namba. Tulizikariri darasani kama dua: majimaji ya tumbo yakiwa na pH chini ya 2.5 (pH ni kipimo cha uchachu, kikishuka asidi ni kali zaidi), na ujazo zaidi ya mililita 0.4 kwa kila kilo, mgonjwa yuko hatarini. Kwa yule mtoto wangu wa kilo 15 ni mililita 6, kijiko kimoja cha chai na kidogo. Miaka mingi nilidhani namba hizo zimepimwa kwa watu. Kumbe ile ya ujazo chimbuko lake ni jaribio la kumwagia asidi kwenye pafu la nyani wa maabara, likaandikwa mwaka 1974, dunia nzima ikalibeba. Ukiwapima watoto waliofunga kwa utaratibu wote, wengi wao utawakuta wamo ndani ya hatari hiyo. Na bado katika kila watoto elfu kumi wanaolazwa usingizi, wanaopaliwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Sisemi namba zipuuzwe. Nasema mtoto mwenye asidi tumboni ni mtoto wa kawaida, na kumnyima maji hakuiondoi.

Hili ndilo lililonichukua muda kuliamini. Tumbo linatengeneza asidi usiku na mchana, umekula hujala. Maji ya kunywa yanapita haraka: nusu yake imeshatoka tumboni kabla ya nusu saa. Mtoto aliyekunywa maji saa mbili kabla ya upasuaji, ukimpima, tumbo lake halina majimaji mengi kuliko la yule aliyekaushwa tangu usiku, wala asidi yake si kali zaidi. Tofauti utaiona kwingine. Aliyekaushwa analia zaidi, na akilia anameza hewa, tumbo linavimba. Mishipa yake imejificha, unamchoma mkono huu, ule, mguu. Sukari inaweza kuwa imeshuka. Ukimpa dawa ya kuvuta, presha inadondoka. Kwa hiyo ile njaa tunayoiita kinga inamleta mezani akiwa katika hali mbaya kuliko angeweza kuja.

Kesho yake asubuhi nilikwenda wodini kumwomba radhi yule mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Akanikatiza: "Yameisha, Sista. We nisaidie karatasi ya ruhusa. Nimeacha unga wa vitumbua umeumuka, jirani hajui kuchoma."

Nikamtafutia karatasi.

Tulikuwa na kipindi cha dawa. Ranitidini, dawa ya kupunguza asidi, ama ya sindano ama ya maji, kila mtoto anayekuja kulazwa usingizi, iwe ngiri, nyama za puani au kushonwa mdomo sungura. Mantiki ilikuwa nzuri: kama asidi ndiyo adui, izimwe. Familia hii ya dawa ilianza na simetidini mwaka 1976 kule Uingereza, na James Black aliyeifanyia kazi alipata Nobel mwaka 1988, kwa hiyo si vitu vya kubeza. Zinafunga bomba la asidi. Lakini maji yaliyokwisha kuingia kwenye ndoo hayatoki kwa kufunga bomba (Mzee angenikumbusha kwamba si ndoo), na ndiyo maana saa ya kumpa ni kila kitu. Ukimnywesha mtoto dawa hii mlangoni mwa thieta umefanya ibada tu. Inatakiwa itangulie, saa moja hadi tatu kulingana na njia. Omeprazo, dawa nyingine ya asidi, nayo inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa jioni na ikarudiwa asubuhi. Inayofanya kazi papo hapo ni sitreti ya sodiamu, ambayo inakutana na asidi iliyopo na kuipooza. Ina ladha mbaya ya chumvichumvi, na mtoto wa miaka 3 atakutemea usoni. Halafu yenyewe ni maji, inaongeza ujazo.

Nilipoanza kusoma miongozo kwa macho yangu badala ya kusimuliwa, nikaona Chama cha Madaktari wa Usingizi cha Marekani, kwenye mwongozo wa 2017, hakipendekezi dawa hizi kwa kila mtu. Ni za mwenye sababu. Asidi inapungua kweli, hilo halina ubishi. Ila kwamba watoto wazima wa afya wanaokolewa na kupungua huko, ushahidi haupo. Mwaka 2020 Marekani ikawataka watengenezaji waondoe ranitidini yote sokoni kwa sababu ya kichafuzi kinachohofiwa kuleta saratani. Nikafikiria vichupa vyote nilivyowapa watoto wa kutoa nyama za puani, watoto ambao kikombe cha maji kingewatosha.

Kuna bibi mmoja, huyu nitamkumbuka. Alisikia wodini kwamba tunaogopa asidi. Jioni akatoka hadi duka la dawa, akanunua magnesiamu, zile tembe nyeupe za kutafuna ambazo kila mswahili mwenye kiungulia anazijua, akazisaga kwa kijiko, akamkorogea mjukuu asubuhi. Nilipomuuliza mtoto kama amekula, alitoa ulimi. Ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa.

"Nimemsaidia, mwanangu," bibi akasema. "Asidi yote nimeiua."

Na kwa upande wa asidi hakukosea. Shida ni ile chokaa. Magnesiamu trisiliketi ina chembechembe, na chembechembe zikiingia mapafuni zinaleta madhara yake zenyewe. Ndiyo maana hospitalini kwa kazi hii tunatafuta ya maji maangavu. Niliketi naye kitandani nikamweleza. Upasuaji uliahirishwa, akakasirika, akasema hospitali hatujui tunachotaka, leo mnasema asidi mbaya, kesho mnasema dawa ya asidi mbaya. Ukimsikiliza vizuri, alikuwa na hoja.

Lakini kosa lililonifundisha kuliko yote halikuwa la bibi wala la mama. Lilikuwa letu, kwenye karatasi. Mmoja wetu aliandika kwa kalamu, vizuri kabisa: "Asile chakula kuanzia 2:00." Alikusudia saa nane usiku. Mama akasoma saa mbili. Sasa, nani mwingine Dar es Salaam angesoma vingine? Asubuhi saa moja na nusu alimpa mtoto uji wa lishe na chapati nusu, akampangusa mdomo, akahakikisha saa mbili kamili hakuna tena kitu. Alitii amri kwa dakika. Walipofika thieta saa tatu, mwenzangu alianza kufoka: "Mama, hujui kusoma?" Nikamshika mkono. Nilikwisha kuwa benchini pale, najua mwisho wake.

Tangu siku ile mimi siandiki namba peke yake. Naandika "saa kumi alfajiri", "saa mbili asubuhi", na namwomba mama anirudishie kwa mdomo wake. Siulizi tena "Mtoto hajala?" kwa sababu swali hilo lina jibu moja tu analodhani nataka kusikia. Nauliza: "Mara ya mwisho ameweka kitu gani mdomoni, na saa ngapi?" Nauliza mama, na kama mtoto anaweza kuongea namuuliza na yeye, maana watoto wana siri ndogo sana. Mmoja aliniambia mbele ya baba yake, bila wasiwasi wowote: "Biskuti. Za kaka." Baba yake aligeukia ukutani.

Kuna watoto ambao saa hazikusaidii, na hawa ndio dawa za asidi zinawahusu. Niliwahi kumpokea mvulana wa miaka 9, kagongwa na bodaboda saa mbili usiku, ametoka kula chipsi mayai saa moja. Mfupa wa paja umevunjika. Tulimwingiza thieta asubuhi, saa zaidi ya 10 tangu ale, na kijana mmoja wa mafunzo akasema tumbo limeshakuwa tupu. Nikamwambia, usihesabu kutoka kwenye chipsi hadi sasa. Hesabu kutoka kwenye chipsi hadi bodaboda. Maumivu na hofu vinalisimamisha tumbo. Saa moja tu ilipita, kwa hiyo kwetu sisi huyu ana sahani nzima. Tulimpa dawa mapema, tukaandaa mashine ya kunyonyea ikiwa imewashwa, tukampa usingizi wa haraka na kuweka mpira papo hapo. Mpira wa tumboni ulipopitishwa baadaye, vipande vya viazi vilitoka, unavitambua kabisa kwamba ni viazi. Kijana wa mafunzo aliniangalia, hakusema kitu. Mtoto mwenye utumbo ulioziba, mwenye kucheua kupita kiasi, aliyepasuka kidole tumbo: nao ni kundi hilo hilo, na hapo sibishani na mtu kuhusu dawa.

Wengine wote nawapa daku. Neno hili nililianzisha kwa utani, likashika, na hata kina mama Wakristo wanalitumia wodini bila shida. Kanuni tuliyonayo ni ile ya 6, 4 na 2: chakula, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji maangavu saa 2. Kwa hiyo mtoto wa kuingia saa nne asubuhi nasema aamshwe saa tisa na nusu usiku, ale uji wake, alale tena. Hiyo ndiyo daku. Kisha hadi saa mbili asubuhi anywe maji au chai ya rangi isiyo na maziwa. Mama mmoja aliuliza juisi ya embe kama ni maji. Nikamwambia weka kwenye glasi, kama huoni vidole vyako upande wa pili, hicho ni chakula. Akauliza maziwa kwa nini yawe chakula wakati yanamiminika. Kwa sababu yakikutana na asidi yanaganda, mama, kama mtindi, na mtindi hauna haraka.

Wenzetu wa Ulaya wamekwenda mbele zaidi. Vyama vya usingizi wa watoto vya Uingereza, Ufaransa na Ulaya kwa jumla vilikubaliana mwaka 2018 kwamba maji maangavu yaruhusiwe hadi saa moja kabla, kiasi cha mililita 3 kwa kilo, na mwongozo wa Ulaya wa 2022 ukashikilia saa hiyo moja. Kwa mtoto wa kilo 15 ni mililita 45. Nilipima nyumbani: haijazi vizuri kikombe kimoja cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa mtaani. Sisi bado tuko kwenye saa 2, na sina ugomvi nazo kama zingekuwa saa 2 kweli. Ugomvi wangu ni kwamba saa 2 za kwenye karatasi zinakuwa saa 10 za wodini. Wa kwanza kwenye orodha amecheleweshwa na dharura iliyoingia usiku, vifaa vya kuchemshwa havijarudi, umeme umekatika jenereta inasuasua, na mtoto wa tano yuko pale anawatazama wenzake wanaokula wali maharage. Hakuna aliyepewa kazi ya kusema, huyu anywe sasa.

Kazi hiyo nimejipa mwenyewe. Orodha ikibadilika napiga simu wodini, si kwa kalamu, kwa simu, nikitaja kitanda na saa. Mwanzoni wauguzi wa zamu walidhani nimechanganyikiwa. "Sista wa thieta anataka tumnyweshe mgonjwa wake." Mmoja aligoma mpaka apate maandishi, nilishuka nikamwandikia, na kikombe nikaleta mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikuwa na mtoto wa nyama za puani, miaka 5, mkoromaji wa kutisha, ameletwa na mama yake kutoka Kigamboni. Zamu yake ilicheleweshwa kwa saa tatu. Nikashuka na maji. Akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akaangalia ndani ya kikombe kama yamebaki, akanirudishia. Mama yake alikuwa ameshika khanga mdomoni, ananitazama kama anatafuta mtego.

"Kwa hiyo maji sawa, Sista?"

"Sawa, hadi saa sita mchana. Nitakuja kukwambia zikifika."

Akafikiri kidogo. "Na mate je? Huwa namwambia ateme."

"Ameze, mama."

Mtoto alikuwa ameyajaza mashavuni. Alimwangalia mama yake kwanza, akameza.